Shaaban Robert na Kejeli ya Kusadikika

Shaaban Robert (1909–1962) alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, akaitumikia serikali ya kikoloni tangu 1926, kwanza katika idara ya forodha. Akingali mtumishi wake, mwaka 1951 alichapisha Kusadikika. Nchi ya riwaya hiyo inaelea angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha elimu ya sheria, na wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa walifungwa waliporejea. Chumvi hiyo ilitiwa makusudi, hata jina la nchi likawa kejeli: lisilosadikika ndilo lililosadikiwa.

Hata hivyo, wapo walioisoma kama hekaya ya maadili tu, na wapo waliomwona kila kiongozi wake kuwa Mwingereza. Wa kwanza waliikosa shabaha. Wa pili waliifungia kejeli katika enzi moja. Fumbo lilimkinga mwandishi, lakini pia liliwapa walengwa mwanya wa kutojitambua. Shaaban Robert alifariki miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika. Kesi ya Karama haikufa naye: msomaji wa Katubuka, Kigoma, aweza kumtambua Majivuno popote hoja inapoitwa uhaini.