Rebmann: Aliona Theluji, Akaitwa Mwongo, Akafa Kipofu

Kama ulisoma shule ya msingi hapa Kenya, jina Rebmann ulilikariri bila kujua ni la nani. Krapf na Rebmann, Krapf na Rebmann, kama pacha wa kwenye mtihani. Krapf aliona Mlima Kenya, Rebmann akaona Kilimanjaro, chukua alama yako, songa swali linalofuata. (Wachaga waliokuwa wakipanda ndizi chini ya huo mlima vizazi na vizazi, sijui wao walikuwa wanaangalia nini.) Mimi sikumbuki mwalimu akituambia kwamba huyo jamaa wa kuona mlima alikuja kupoteza macho yake hapa hapa, Rabai, kule juu ya Mombasa.

Nimemkumbuka kwa sababu ya mabango. Hapa Eldoret, kuanzia stendi hadi njia ya Langas, ukuta ukikosa bango la mwanasiasa basi una la mkutano wa injili, na mengi yanaahidi kitu kimoja: macho yatafunguliwa, utaonyeshwa njia. Wasee wanaenda. Siwacheki hata kidogo. Ukiwa na miaka ishirini na kitu, kazi hakuna, na karo imeisha kabla chuo hakijaisha, swali la njia ni swali la chakula. Lakini kama unataka kujua inakuwaje mtu akitafuta mwongozo wa Mungu ndani ya Biblia kwa miaka 29, bila spika na bila shuhuda za jukwaani, huyu Mjerumani ndiye wa kusoma.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, kwenye familia ya wakulima. Akasomea umishenari Basel, Uswisi, kisha London, na shirika la Kianglikana la CMS likamtuma Afrika Mashariki. Alitua Mombasa Juni 1846. Huko alimkuta Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake, ambaye miaka 2 nyuma alikuwa amemzika mke wake na mtoto mchanga. Hao wawili, wote wakiwa na homa, wakapanda kilima hadi Rabai na kuanza kujenga. Mtu wa kwanza kuwaelewa alikuwa Mringe, Mnyika mlemavu ambaye hata jamii yake haikumhesabu sana. Alibatizwa akiwa karibu kufa. Hiyo ndiyo ilikuwa mavuno ya miaka ya kwanza: mtu mmoja, na hakukaa.

Sasa tuje kwa siku yenyewe. Aprili 1848 Rebmann alitoka Rabai kwenda Uchagani na wabeba mizigo wachache, wakiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za msafara. Asubuhi ya Mei 11 akaona kitu cheupe juu ya mlima. Mwanzo alidhani ni wingu. Akamwuliza aliyekuwa akimwongoza, na jibu alilopata ni neno moja unalolijua: baridi. Basi. Mjerumani aliyekua akiona theluji kila mwaka akaunganisha mambo na kujua anachoangalia, ingawa yuko digrii 3 tu kusini mwa ikweta.

Halafu akafanya jambo ambalo wengi wetu tungefanya. Waliposimama kupumzika alifungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111. Ni zaburi ya kusifu matendo makuu ya Mungu, na katikati kuna mstari kuhusu Mungu kuwaonyesha watu wake uwezo wake kwa kuwapa urithi wa mataifa. Rebmann aliuchukua kama neno la siku hiyo. Mlima ule mbele yake, mstari ule mkononi. Kwake ilikuwa wazi kwamba injili inaingia bara, na mlango umefunguliwa.

Hapa mimi naona alisoma vibaya, na nitasema kwa nini.

Mwaka uliofuata alirudi Uchagani na msafara mkubwa zaidi, nia yake ikiwa kupita hadi Unyamwezi. Alifika Machame kwa Mangi Mamkinga. Huko bidhaa zake zote za kulipia safari zikaisha, zawadi moja baada ya nyingine, hadi akabaki hana kitu. Akarudi pwani mgonjwa na amevunjika moyo. Mlango alioonyeshwa na zaburi ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa amesoma hiyo zaburi. Hakurudi tena Uchagani maisha yake yote. Na kuhusu huo urithi wa mataifa, waliokuja kuudai kweli si wamishenari. Mwaka 1885 Ujerumani ilitangaza eneo hilo kuwa lake, na Hans Meyer alipofika kileleni 1889 alikipa kilele jina la mfalme wao, Wilhelm. Simlaumu Rebmann kwa mambo ya Wilhelm. Nasema tu kwamba mstari mmoja ukifunguliwa juu ya mlima mzuri unaweza kukuonyesha unachotaka.

Wakati huo huo, Ulaya kulikuwa na upofu wa aina nyingine kabisa. Taarifa yake ya theluji ilichapishwa 1849 katika jarida la CMS, na London kulikuwa na bwana mmoja, Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hajawahi kukanyaga Afrika ya ndani. Alikuwa na vitabu vyake, ramani zake na hesabu zake. Theluji kwenye ikweta haikuwa kwenye hesabu. Akaandika kwamba huyu mmishenari haoni vizuri, ana mawazo mengi na anatamani maajabu. Krapf naye akaona vilele vyeupe vya Mlima Kenya kutoka Kitui, Desemba 1849. Cooley akakataa hiyo pia. Sisi tulioacha chuo tunapenda sana hadithi za maprofesa kukosea, najua, lakini tusijisifu haraka, kwa sababu Rebmann mwenyewe alikuwa mtu wa vitabu kupita kiasi.

Ilibidi Baron von der Decken apande mlima 1861, kisha tena 1862 na Otto Kersten, wakapita mita 4,000, ndipo mambo yakaanza kunyamaza. Miaka 13 ya kuitwa mwongo. Katika Yohana sura ya 9 kuna yule jamaa aliyezaliwa kipofu, Yesu anampaka tope machoni, anaona, kisha wasomi wa dini wanamweka kikao kumwuliza maswali hadi wanamfukuza. Yeye hana hoja kubwa, anajua tu alikuwa haoni na sasa anaona. Wao wana hoja zote, na Yesu anawaambia shida yao ni kusema kwamba wanaona. Rebmann aliijua hiyo sura vizuri. Katika kesi ya theluji, kiti chake kilikuwa cha yule jamaa.

Lakini si kila kesi. Wanyika aliokaa nao Rabai walikuwa na kaya zao, wazee wao, maombi yao kwa Mulungu, na Rebmann aliyaweka hayo karibu yote kwenye gunia moja lililoandikwa giza. Kwa hiyo mtu yule yule aliyechekwa na Cooley kwa kuona kisichokuwa kitabuni, alishindwa kuona kilichokuwa mlangoni pake kwa sababu ya kitabu. Watu huweza kuwa vyote viwili, na ndiyo maana sipendi wasifu za wamishenari zinazomfanya kila mtu malaika au shetani.

Baada ya hapo maisha yake yakawa madogo. Krapf aliondoka 1853, afya imekwisha. Johann Erhardt, aliyechora naye ile ramani maarufu yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, akaondoka 1855. Ramani hiyo, pamoja na makosa yake, ilichangia kuwaleta Burton na Speke kutafuta maziwa. Burton alipita Rabai 1857, na Rebmann hakuenda nao. Mwaka huo huo uvamizi wa Wamaasai ulifika hadi karibu na Mombasa, akakimbilia Zanzibar kwa muda, kisha akarudi. (Jina la kaunti yetu, Uasin Gishu, linatokana na kundi la Wamaasai, kwa hiyo bara ambalo yeye hakufanikiwa kulifikia lilimfikia yeye, ila kwa mikuki.)

Alikuwa amemwoa Emma Tyler, Mwingereza, mjini Cairo mwaka 1851. Mtoto wao wa pekee alikufa akiwa na siku chache tu. Emma mwenyewe akafa 1866. Tangu hapo Rebmann alibaki karibu peke yake na waumini wa kuhesabika kwa vidole, na karatasi.

Kwenye hizo karatasi ndipo namwelewa. Alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Hebu fikiria ni injili gani hiyo kwa mtu ambaye macho yanafifia: kuna kipofu wa Yeriko kando ya barabara, anapiga kelele na watu wanamwambia anyamaze. Kuna wale wawili wa njia ya Emau, wanatembea na Yesu kilomita 11 hivi bila kumjua, na anawaeleza Maandiko yote njiani bado hawamjui, hadi anapomega mkate mezani. Rebmann alilazimika kutafuta Kiswahili cha kila neno la hizo habari, na huwezi kutafsiri kwa kufungua ukurasa wowote na kuchukua mstari unaokufurahisha. Unapita mstari kwa mstari, hata ule usiokupa kitu, na unamwuliza mwenye lugha. Yule wa Zaburi ya 111 alisoma akiwa peke yake chini ya mlima. Huyu wa Luka alihitaji mtu wa kumwambia kama amekosea.

Mtu mmoja wa namna hiyo aliitwa Salimini. Alikuwa ametekwa upande wa Ziwa Malawi, akauzwa, akawa mtumwa Mombasa. Kuanzia miaka ya 1850 Rebmann alikaa naye akiandika maneno ya lugha ya kwao, Kinyasa, neno baada ya neno, kwa miaka. Mmishenari alikuja kufundisha, na hapo aliyekuwa akifundisha ni mtumwa.

Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika mambo ya kukomesha biashara ya watumwa, alipopita Rabai 1873 alimkuta mzee huyo karibu haoni kabisa, bado yuko na kamusi zake. Mzee nasema, lakini alikuwa na miaka 53. Mwaka 1875 alikubali hatimaye kurudi Ujerumani, mara ya kwanza tangu 1846. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, ambaye yeye na baba yake walikuwa kati ya waumini wa mwanzo kabisa wa Rabai.

Rebmann alikwenda kukaa Korntal, karibu na alikozaliwa, ambako Krapf pia aliishi. Wazee wawili wa mtihani wetu, mmoja haoni. Alikufa tarehe 4 Oktoba 1876. Nyumba yake ndogo bado iko Rabai, ukipita Mazeras unaweza kuingia uione. Kamusi ya Kinyasa ilichapishwa 1877 baada ya Krapf kuiandaa, wakati wamishenari kutoka Scotland walikuwa wameshafika Ziwa Malawi na walihitaji lugha hiyo. Ziwa lenyewe Rebmann hakuwahi kuliona, hata wakati macho yake yalikuwa mazima.