Darsa ya Ramadhani, Siku ya 17: Muadhini Asiyeona



Ndugu yangu katika imani, leo alfajiri ulikuwa na tende mkononi, au bilauri ya maji, ukasikia adhana, ukaacha. Hukutoka nje kutazama mbingu. Ulimwamini muadhini. Sasa nikuulize: ungejua kwamba muadhini huyo haoni, ungemwamini vile vile?

Watu wa Madina walimwamini. Zama za Mtume (s.a.w.) alfajiri ilikuwa na adhana mbili. Ya kwanza aliadhini Bilal (r.a.), usiku ungali usiku, ili aliyelala aamke na aliyekuwa akiswali ajiandae. Ya pili aliadhini Ibn Umm Maktum (r.a.), na hiyo ndiyo iliyofunga daku. Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza watu waendelee kula na kunywa mpaka wasikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Na Ibn Umm Maktum alikuwa kipofu.

Yaani saumu ya mji mzima ilitegemea sauti ya mtu ambaye mwenyewe haioni alfajiri. Ilikuwaje? Leo nikusimulie maisha yake, halafu nikwambie jambo linalonihusu mimi, na huenda linakuhusu na wewe.

Alizaliwa Makka, katika Makureshi. Watu wa Madina walimwita Abdullah, watu wa Iraq wakamwita Amr, lakini sote tunamjua kwa jina la mama yake, Umm Maktum. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa binti wa shangazi yake. Basi hakuwa mgeni wala mtu asiye na ukoo. Lakini wewe unajua watu walivyo: mtu akishakuwa haoni, watu husahau ukoo wake, husahau akili yake, wakabaki na macho yake tu.

Aliingia Uislamu mapema, wakati Waislamu wa Makka walikuwa wachache na wanateswa. Siku moja Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitarajia kwamba wakisilimu wao, wengi watawafuata. Ibn Umm Maktum akaja akaomba afundishwe. Hakuona kwamba kuna mazungumzo makubwa yanaendelea. Mtume (s.a.w.) akakunja uso na kuendelea na wale wakubwa. Hapo ikashuka Sura ya Abasa, ya 80, ikimzindua Mtume (s.a.w.) kwamba aliyekuja mbio kwa hamu ya kujitakasa ndiye mwenye haki zaidi ya kusikilizwa kuliko anayejiona hana haja. Hebu fikiri: aya zimeshuka kwa ajili ya mtu mmoja asiyeona, na zitasomwa mpaka Kiyama. Tangu hapo Mtume (s.a.w.) alikuwa akimkaribisha na kumkirimu.

Lakini tusiishie kwenye kumkirimu, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoishia. Angalia alipewa nini.

Kwanza, alipewa darasa. Kabla Mtume (s.a.w.) hajahama, watu wa Yathrib walihitaji walimu wa Qur'ani. Wa mwanzo kufika walikuwa wawili: Mus'ab bin Umayr, kijana aliyekulia katika neema, na Ibn Umm Maktum. Kazi ilikuwa kusomesha Qur'ani, na Qur'ani ilikuwa kifuani mwake. Macho hayakuwa sharti la kazi hiyo.

Pili, alipewa adhana. Unakumbuka adhana ilivyoanza? Abdullah bin Zayd (r.a.) ndiye aliyeoteshwa maneno yake. Mimi na wewe tungesema basi yeye ndiye awe muadhini, si ndiyo? Mtume (s.a.w.) alimwambia amfundishe Bilal, kwa sababu sauti ya Bilal ilikuwa nzuri zaidi na inafika mbali. Bilal, Mhabeshi, jana yake mtumwa. Sasa tazama waadhini wa msikiti ule: mmoja mweusi aliyeachwa huru, mwingine asiyeona. Hawakuwekwa pale kama mapambo. Kila mmoja alikuwa na zamu yake na watu waliitegemea.

Na lile swali la kuona alfajiri lilitatuliwaje? Kirahisi mno. Ibn Umm Maktum alikuwa haadhini mpaka watu wamwambie kwamba kumekucha. Basi. Sentensi moja kutoka kwa mtu mwenye macho. Kazi ilihitaji sauti, uaminifu na kushika wakati. Hivyo alikuwa navyo. Kilichopungua, wenzake walikijaza, na hakuna aliyesema kwa hiyo kazi si yake.

Tatu, aliachiwa Madina. Mtume (s.a.w.) alipotoka kwenda vitani alimwacha awaswalishe watu, alifanya hivyo katika Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Wapo wanahistoria wanaohesabu mara 13 kwa jumla. Si jambo la siku moja la kuonyesha watu huruma.

Nne, alisikilizwa. Iliposhuka aya ya kuwatukuza wanaopigana kuliko wanaokaa, alikuja akaeleza kwamba lau angeweza angetoka. Hapo hapo ukashuka ufafanuzi unaowatoa wenye udhuru, nao umo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 95. Alieleza hali yake mwenyewe. Hakuna aliyemsemea.

Tena ajabu ni kwamba pamoja na udhuru huo, enzi ya Umar (r.a.) alikwenda Qadisiyya, katika vita na Wafursi. Imepokewa kwamba alivaa deraya na kubeba bendera nyeusi. Alijua anachokiweza: mshika bendera kazi yake ni kusimama asiondoke, na yeye asiyeona hata njia ya kukimbilia haijui. Wako wanaosema alikufa shahidi huko huko, na wako wanaosema alirudi Madina akafia huko. Allah amridhie.

Sasa la kwangu.

Miaka michache nyuma nilikaa katika kamati ya kuajiri mwalimu wa Qur'ani. Walikuja waombaji watatu, mmoja wao kijana asiyeona, hafidhi. Wale wawili tuliwaambia wasome, tukasikiliza tajwidi yao. Yule kijana tulimuuliza atafikaje kazini. Tukamuuliza atajuaje watoto wakicheza nyuma ya darasa. Tukamuuliza nani atamwongoza. Akajibu yote kwa adabu. Hakuna aliyemwambia asome hata aya moja.

Na mimi nina diploma ya ualimu. Nilijua kwamba katika usaili wa haki kila mwombaji huulizwa maswali yale yale, na maswali hutoka kwenye kazi yenyewe. Nilijua, nikanyamaza. Mwishowe tukamchangia nauli. Akashukuru, akaondoka na fimbo yake, na sisi tukaona tumefanya wema.

Wallahi, nikisoma habari za Ibn Umm Maktum ile nauli hunikaa kooni. Mtume (s.a.w.) hakumpa nauli. Alimpa kazi.

Ndugu yangu, huenda wewe una duka, una shule, ni mkuu wa idara, au unatafuta karani mmoja tu. Chukua haya manne.

Kabla hujatangaza nafasi, kaa uandike kazi inahitaji nini hasa. Kupokea simu hakuhitaji miguu. Kuandika hesabu hakuhitaji masikio. Ukiandika sharti ambalo kazi hailihitaji, umemfungia mtu mlango hata kabla hajabisha.

Wapime wote kwa kipimo kimoja. Kama ni kusoma, wote wasome. Kama ni kushona, wote washone. Asiyeweza kazi usimpe, awe anaona au haoni, awe mtoto wa ndugu yako au mtu wa kabila lingine. Kazi ni amana, na kumpa asiyeiweza kwa kumhurumia ni kosa pia.

Muulize mwenyewe anahitaji nini ili afanye kazi vizuri. Usimkisie. Mara nyingi utakuta ni kitu kidogo: meza iliyosogezwa, mtu wa kumsomea barua, dakika chache za kufika.

Na ukimwajiri, mlipe kama wenzake na umpe zamu kama wenzake. Usimfanye picha ya kuonyesha wageni.

Huku Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu wenye sifa za kazi. Wewe mwenye watano sheria hiyo haijakufikia. Lakini utaulizwa na Asiyehitaji mkaguzi.

Baada ya Idi, inshaallah, madrasa yetu itaajiri mwalimu mmoja. Tangazo litabandikwa ubaoni msikitini. Nimeiomba kamati kwamba kila atakayekuja, wa mwanzo mpaka wa mwisho, aanze kwa kusoma, na maswali mengine yafuate. Unamjua kijana mwenye Qur'ani kifuani ambaye watu wameishia kuona fimbo yake? Mwambie aje. Na ukisikia kwamba nimenyamaza tena, nikumbushe hadharani.

Ee Allah, tusamehe tuliowafungia milango waja Wako. Tupe macho ya kuona walichokuja nacho. Tukubalie saumu zetu na visimamo vyetu.

Wabillaahi tawfiiq. Tukutane kesho baada ya daku.