Mtakatifu Fransisko Ksaveri na Bandari ya Kochi

Kusini mwa Bara Hindi, upande wa magharibi, ipo bandari ya zamani iitwayo Kochi. Msomaji anayeujua mji wa Bukavu, na jinsi rasi ya Muhumba na rasi nyingine zinavyoingia ziwani, hatapata shida kuiwazia: nchi kavu na maji vimeshikana, visiwa viko huku na huku, na watu huvuka kwa mashua kutoka mtaa hata mtaa. Ila maji ya Kochi ni ya bahari. Husimuliwa kwamba mwaka 1341 mto Periyar ulifurika sana, ukaufungua mlango wa bandari hiyo, na tangu hapo pilipili manga ya Malabari ilipitia humo. Waarabu, Wachina na Wayahudi walikuwa wakifanya biashara katika pwani ile kabla ya Wareno, ambao walifika Kochi mwaka 1500 na kujenga ngome mwaka 1503. Vasco da Gama, yule aliyepewa rubani huko Malindi mwaka 1498 ili amvushe bahari, alifia Kochi tarehe 24 Desemba 1524.

Fransisko Ksaveri alifika katika mji huo mara nyingi, wala si kwa ajili ya pilipili.

Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya wazazi wake, nchi ya Navarra. Alisoma Paris, na huko alikutana na Ignasi wa Loyola, ambaye kwa subira nyingi aliugeuza moyo wake uliopenda vyeo. Alipewa upadri mwaka 1537. Mfalme Yohane wa 3 wa Ureno alipoomba mapadri wa kwenda Uhindi, mmoja wa wale walioteuliwa aliugua, na Fransisko akashika nafasi yake. Akaondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku alipotimiza miaka 35.

Njia yake ilipita kwenye pwani ya Afrika. Huko Msumbiji merikebu zilikaa karibu miezi sita zikingoja pepo, naye akawauguza wagonjwa mchana na usiku, hata akaugua mwenyewe. Malindi alimzika Mreno mmoja aliyefia safarini. Mzee mmoja Mwislamu, mtu wa heshima mjini, alimwuliza kama Wakristu huenda kweli katika makanisa yao, maana yeye alisikitika kuona kwamba katika misikiti 17 ya mji ule ni mitatu tu iliyokuwa ikiendewa. Waliongea kwa muda mrefu, kisha wakaachana, kila mmoja na neno lake.

Tarehe 6 Mei 1542 aliingia Goa, na mwaka huo huo akaenda kwa wavuvi wa lulu kusini kabisa mwa Bara Hindi. Kwa msaada wa watu waliojua lugha alizitia Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki na Amri Kumi katika Kitamili, akazikariri kwa moyo, akapita njiani na kengele mkononi akiwaita watoto. Hao watoto ndio waliowafundisha wazee wao jioni nyumbani. Katika kila kijiji aliacha mtu wa kuwasalisha watu na kufundisha, lakini mtu huyo hana budi kula. Basi kulikuwa na fedha, fanamu 4000, zilizotolewa kila mwaka katika pwani ile kwa ajili ya makubadhi ya Malkia wa Ureno. Fransisko aliziomba ziwe mshahara wa walimu wa dini, akamwandikia Malkia kwamba hatapata viatu bora kuliko hivyo vya kupandia mbinguni. Malkia akakubali. Hivyo walimu wale walilishwa kwa makubadhi, jambo ambalo si wafalme wengi waliopata kulifanya!

Sababu ya kwenda Kochi mara kwa mara ilikuwa pepo. Merikebu za kurudi Ureno ziling'oa nanga huko mwanzoni mwa mwaka, wakati wa kaskazi, na aliyetaka barua yake ifike Ulaya alipaswa kuwahi. Jibu lilichukua miaka miwili, pengine zaidi. Ndiyo maana barua zake nyingi zilizo nzito zimeandikwa Kochi mwezi wa Januari.

Mwaka 1545 alifika akiwa na furaha na uchungu. Huko Travancore alikuwa amebatiza zaidi ya watu 10000 kwa mwezi mmoja. Lakini aliona kwa macho yake jinsi maofisa Wareno walivyowadhulumu wavuvi maskini, Wakristu kwa wapagani. Alimwonya Mfalme waziwazi kwamba siku ya hukumu Mungu atamdai hesabu ya maofisa wake. Tena alimsihi rafiki yake Simão Rodrigues, aliyekaa Ureno, asimruhusu mpenzi wake yeyote kuja Uhindi na cheo cha serikali. Kwa maana hapo walijua kitenzi kimoja tu, kunyang'anya, nao walikitumia katika nyakati zote na kuzidi kubuni nyakati mpya. Mwalimu wa sarufi angecheka, kama jambo lenyewe lisingekuwa la machozi.

Si kila shauri alilotoa lilizaa heri. Mwaka 1546, akiwa Ambon, alimwomba Mfalme aweke baraza la kuhukumu imani huko Goa. Baraza hilo lilianza mwaka 1560, naye amekwisha kufa, na liliwatesa wengi.

Januari 1548 alirudi Kochi kutoka Malaka, baada ya dhoruba ya siku tatu mchana na usiku. Mwaka uliofuata aliandika kumtetea Mar Yakobo, askofu mzee wa Wakristu wa Mtakatifu Tomaso, aliyetumika miaka 45 na kuzeeka bila kujaliwa na wakubwa.

Akaenda Japani. Aliporudi Kochi mwanzoni mwa 1552, alikuta aibu nyumbani mwake. Ndugu wa Shirika lake walikuwa wamepewa kanisa la Mama wa Mungu, na waumini wa Udugu wa Huruma, waliokuwa na haki juu yake, walilalamika kwamba wamenyang'anywa. Fransisko hakutafuta maneno ya kuwatetea wenzake. Aliwakusanya waumini wale, akapiga magoti mbele yao, akaomba radhi na kuwapa funguo. Walishangaa, kisha wakamrudishia kanisa kwa hiari yao.

Aprili ya mwaka ule alipita Kochi mara ya mwisho, akielekea China. Tarehe 3 Desemba 1552 alifariki katika kisiwa cha Sancian, akiwa na miaka 46, na kijana mmoja Mchina, Antonio, kando yake. Barua bado zilikuwa zikisafiri. Tarehe 28 Juni 1553 Ignasi alikaa Roma akamwandikia arudi Ulaya, wala hakujua kwamba yapata miezi saba ilikuwa imepita tangu azikwe.