Max Schubert: Aliamriwa kuacha mvinyo wake, akauficha mpaka ukaiva

MWAKA 1957 wakurugenzi wa kampuni ya mvinyo ya Penfolds ya Australia walikutana mjini Sydney pamoja na waonjaji wenye sifa. Mezani kulikuwa na mvinyo mwekundu uliotengenezwa na mtaalamu mkuu wa kampuni hiyo, Max Schubert, tangu mwaka 1951.

Waonjaji walikunja nyuso. Mmoja wao aliufananisha na mchanganyiko wa matunda pori na sisimizi waliopondwa. Haukupita muda mrefu, Schubert akaletewa amri: aache kabisa kuutengeneza.

Mvinyo huo, uitwao Grange, leo ni miongoni mwa bidhaa za kilimo zinazouzwa kwa bei kubwa duniani. Kilichoubadilisha ni miaka ya kukaa chupani.

Aanza kama tarishi

Schubert alizaliwa Februari 9, 1915, katika kijiji cha Moculta, pembeni mwa bonde la Barossa, jimbo la Australia Kusini. Ni eneo lililolimwa zabibu kwa miaka mingi na familia za wahamiaji wa Kijerumani.

Mwaka 1931 aliajiriwa na Penfolds katika mji wa Nuriootpa akiwa tarishi. Alikuwa kijana wa kutumwa huku na kule, lakini alipenda kujua kila kazi ya kiwandani. Baadaye alisoma kemia katika masomo ya jioni huku akiendelea na kazi. Alikwenda vitani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akarudi, na mwaka 1948 akawa mtengeneza mvinyo mkuu wa kampuni.

Mwaka 1950 kampuni ilimtuma Ulaya kujifunza utengenezaji wa sheri na poti, yaani mvinyo ulioongezwa kilevi. Wakati huo ndio uliokuwa na soko kubwa nchini Australia. Lakini safarini alipita Bordeaux, Ufaransa. Huko mfanyabiashara Christian Cruse alimwonjesha mvinyo mwekundu uliokaa miaka 40 hadi 50, na bado ulikuwa na ladha na harufu nzuri.

Schubert alirudi nyumbani na wazo moja: kutengeneza mvinyo mwekundu wa Australia utakaoweza kukaa angalau miaka 20 bila kufa.

Kinachotokea ndani ya chupa

Mkulima anayeijua ndizi mbichi au bibo la korosho anajua ukakasi, ile hali ya ulimi na ufizi kukauka na kukaza. Mvinyo mwekundu ukiwa mchanga huwa na ukakasi wa namna hiyo. Unatokana na tanini iliyomo katika maganda na mbegu za zabibu, na kiasi katika mbao za pipa.

Tanini hiyo ndiyo husaidia kuulinda mvinyo usiharibike mapema. Kadiri miaka inavyopita, chembe zake huungana, nyingine huzama chini na kuwa mashapo, na ukakasi hupungua. Rangi nayo hutoka zambarau nzito na kuelekea rangi ya matofali. Harufu ya matunda mabichi huondoka, ikaja ya matunda makavu, ngozi na tumbaku.

Ndiyo maana chupa ya zamani haifunguliwi kwa pupa. Husimamishwa wima kwa siku moja hivi ili mashapo yatue, kisha mvinyo humiminwa taratibu katika chombo kingine. Mwonjaji hutazama rangi juu ya kitambaa cheupe, hunusa, kisha huchukua funda dogo na kulizungusha mdomoni. Mvinyo ulioiva vizuri huacha ladha mdomoni kwa muda mrefu baada ya kumezwa.

Lakini si kila mvinyo hufaa kuwekwa. Mwingi unaouzwa madukani umetengenezwa ili unywewe katika miaka michache ya mwanzo. Ule wa kukaa huandaliwa kuanzia shambani.

Jaribio la mapipa matano

Schubert hakuanza na kiwanda kizima. Mwaka 1951 alichagua zabibu za aina ya Shiraz, zilizopatikana kwa wingi kwao, kutoka Magill na Morphett Vale karibu na Adelaide. Alidhibiti joto wakati wa kuchachusha ili maganda yakae muda mrefu ndani ya maji ya zabibu na kutoa tanini ya kutosha.

Kisha alijaza mapipa matano mapya ya mwaloni wa Marekani. Mvinyo mwingine wa zabibu hizo hizo aliuweka katika pipa kubwa la zamani, apate kulinganisha. Tofauti ilionekana mapema, na mwaka 1952 akatengeneza kiasi kikubwa zaidi.

Tatizo likawa fedha. Kila mwaka chupa ziliongezeka ghalani bila kuuzwa, na mapipa mapya yalikuwa ghali. Kwa wakurugenzi, huo ulikuwa mtaji uliolala. Walipoonja mwaka 1957 wakakuta ukakasi mkali, waliona hasara tupu.

Miaka mitatu ya siri

Sydney ni mbali na Adelaide, na umbali huo ulimsaidia Schubert. Akiungwa mkono na Jeffrey Penfold Hyland, mmoja wa viongozi wa kampuni huko Australia Kusini, aliendelea kwa siri mwaka 1957, 1958 na 1959. Hakuweza kuomba fedha za mapipa mapya, hivyo alitumia yaliyokwisha kutumika. Mvinyo wa miaka hiyo haukufikia kiwango alichokitaka. Kama siri ingefichuka, kazi yake ilikuwa hatarini.

Wakati huo chupa za mwanzo zilikuwa zikiendelea kuiva. Watu walioonja upya wakaanza kuzisifu, na habari zikafika Sydney. Wakurugenzi wakaonja tena mvinyo ule ule walioukataa. Mwaka 1960, kabla ya mavuno, amri ikaja kwamba Schubert aendelee.

Mwaka 1962 Grange ya mwaka 1955 ilipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya Sydney. Katika miaka iliyofuata mvinyo wa mwaka huo mmoja ulikusanya medali za dhahabu zaidi ya 50.

Schubert alistaafu mwaka 1975, akafariki dunia mwaka 1994. Mwaka uliofuata jarida la Wine Spectator la Marekani liliiteua Grange ya 1990 kuwa mvinyo bora wa mwaka. Chupa za jaribio la 1951, ambazo hazikuwekwa sokoni zilipotengenezwa, zimefika zaidi ya dola 100,000 za Australia kwa chupa moja mnadani.

Funzo kwa mkulima na mfanyabiashara

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Lakini Schubert hakungoja tu. Alijua bidhaa yake ingeiva kwa sababu alichagua zao, akalinganisha mapipa na kufuatilia mabadiliko mwaka hadi mwaka. Bidhaa duni haigeuki kuwa nzuri kwa kuwekwa ghalani.

Pia kungoja kuna gharama. Penfolds iliweza kulisha jaribio lake kwa sababu iliuza mvinyo mwingine kila siku. Mwenye duka au shamba dogo akitaka kujaribu bidhaa ya kungojewa, ni vema aanze na kiasi ambacho kikichelewa kuuzwa, watoto bado watakwenda shule.