Sir John Wilson: Kipofu aliyeipigania nuru ya wengine

MWAKA 2005 wataalamu wa afya walizunguka vijiji na mitaa ya Wilaya ya Nakuru, kama ilivyoitwa wakati huo, wakiwapima macho zaidi ya watu 3,500 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Walibaini kuwa takriban wawili katika kila mia walikuwa vipofu, na kwamba wengi wa vipofu hao wangeweza kukingwa au kutibiwa. Chanzo kikuu kilikuwa mtoto wa jicho, maradhi ambayo huondolewa kwa upasuaji mfupi.

Matokeo hayo yasingemshangaza Sir John Wilson, Mwingereza aliyeaga dunia miaka sita kabla ya uchunguzi huo. Alikuwa ameyasema mambo hayo kwa zaidi ya nusu karne. Hakuwa daktari, na tangu akiwa mtoto wa miaka 12 hakuwahi kuona tena.

John Foster Wilson alizaliwa Uingereza mnamo Januari 1919, mwana wa kasisi wa Kanisa la Methodisti. Mwaka 1931, akiwa darasani katika shule ya wavulana mjini Scarborough, mlipuko wa kemikali uliyapofusha macho yake yote mawili. Alihamishiwa chuo cha vipofu mjini Worcester, na kutoka huko akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford alikosomea sheria na masuala ya jamii. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliajiriwa na taasisi ya kitaifa ya kuwahudumia vipofu nchini mwake, na mwaka 1944 akamwoa Jean McDermid, mwenzake katika safari na kazi hadi mwisho wa maisha yake.

Safari iliyougeuza mwelekeo wa maisha yake ilianza mwaka 1946. Serikali ya Uingereza ilitaka kujua hali ya vipofu katika makoloni yake ya Afrika na Mashariki ya Kati, naye Wilson akawa miongoni mwa waliotumwa. Alikwenda akidhani atakuta haja ya shule na karakana. Alichokikuta ni vijiji vizima vilivyopofuka kwa maradhi yanayozuilika. Alirejea akiamini kuwa kumfundisha kipofu kusoma kwa vidole ni jambo jema, lakini kumwacha mtu apofuke ilhali dawa ipo ni dhuluma.

Januari 1950 alianzisha shirika ambalo leo hujulikana kama Sightsavers, akaliongoza kwa miaka 33. Mwanzoni lilibeba jina la himaya ya Uingereza, kisha la Jumuiya ya Madola baada ya makoloni kuanza kujinyakulia uhuru. Kaskazini mwa Ghana yeye na Jean waliishi miongoni mwa watu waliopofushwa na vijidudu vinavyoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito. Jina la kitaalamu la ugonjwa huo lilikuwa gumu hata kulitamka, nao wakaupa jina jepesi, upofu wa mtoni. Wafadhili walielewa mara moja.

Kenya ilikuwa na sababu ya kuamini kwamba vita hivyo vingeweza kushindwa. Kuanzia miaka ya 1940, inzi hao waliangamizwa katika bonde la Kodera huko Nyanza, na hatimaye ugonjwa ukatokomezwa. Lakini katika Bonde la Ufa kulikuwa na adui mwingine. Trakoma, inayostawi penye uhaba wa maji na wingi wa nzi, iliendelea kuwatesa wafugaji wa Baringo, Narok na Kajiado, huku wazee wa mashamba ya Njoro na Molo wakipofushwa na mtoto wa jicho.

Hapo ndipo lilipozuka swali zito: nani aruhusiwe kuligusa jicho la mgonjwa? Madaktari bingwa wa macho walikuwa wachache mno, tena wengi walikaa mijini. Mkongwe wa kijijini hakuwa na nauli wala mtu wa kumshika mkono hadi hospitalini. Waliosita kuwakabidhi kisu watu wasio madaktari walikuwa na hoja yao, kwani jicho likiharibiwa halina badala. Wilson alilipima jambo hilo kwa mizani ya mgonjwa. Kwake, mgonjwa anayemsubiri bingwa asiyefika amekwisha kupofuka.

Shirika lake lilifadhili kambi za upasuaji barani Asia na magari ya matibabu barani Afrika. Nchini Kenya, maafisa wa kliniki walipewa mafunzo ya ziada ya macho, na baadhi yao wakafundishwa kuondoa mtoto wa jicho. Daktari bingwa alibaki mwalimu, msimamizi na mtu wa kupelekewa magonjwa magumu. Baadaye wapima macho nao walipata nafasi pana zaidi. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza kutoa shahada ya optometria, na mtu aliyeonekana kama muuza miwani akaanza kutambuliwa kuwa mtaalamu anayeweza kugundua maradhi mapema.

Wilson hakuwasahau waliokwisha kupoteza macho. Mwaka 1969 shirika lake liliandaa safari ya vijana vipofu wa Kenya, Uganda na Tanzania kuupanda Mlima Kilimanjaro. Waliofika kileleni walivunja dhana kwamba kipofu ni wa kukaa barazani akisubiri sadaka.

Mwaka 1975 alitunukiwa hadhi ya Sir, na mwaka huohuo akawa rais wa kwanza wa shirika la kimataifa la kuzuia upofu. Februari 1999 shirika hilo na Shirika la Afya Duniani walizindua kampeni ya kutokomeza upofu unaozuilika ifikapo mwaka 2020. Wilson alifariki Novemba mwaka huohuo.

Mwaka 2020 umepita na upofu huo ungalipo. Hata hivyo, mbegu aliyoipanda haijakauka. Watafiti waliporudi Nakuru kuanzia mwaka 2013 kuwafuatilia watu waliopimwa miaka ya 2007 na 2008, walibeba simu za mkononi zenye programu ya kupima macho. Kipimo hicho, kilichofanywa nyumbani kwa wagonjwa na wahudumu wasio madaktari, kilikaribiana na chati za hospitalini. Mkongwe aliyekosa nauli ya kumfuata mtaalamu alikuwa, hatimaye, amefuatwa mlangoni pake.