Musa Galaal: Msomi aliyefanya Kisomali kiandikike

Hebu chukua simu yako. Kama uko Garissa, Wajir au Mandera na jana ulichati na binamu yako kwa Kisomali, soma tena ulichoandika. Maziwa uliyaandika caano, mifugo ukaiandika xoolo. Hiyo c husomwi kama ya Kiingereza, ni sauti ya koo, ile ya ‘ayn ya Kiarabu. Nayo x ni h nzito. Umezoea tu, wala hujiulizi ni nani aliyehangaika ndipo ukaweza kuandika hivyo.

Waliohangaika ni wengi. Leo nakuletea mmoja wao: Musa Haji Ismail Galaal. Kwa Kisomali jina lake ni Muuse Xaaji Ismaaciil Galaal. Umeona? Hata jina lake lina hizo x na c.

Galaal alizaliwa katika miaka ya 1910 katika eneo lililotawaliwa na Waingereza kaskazini mwa nchi ya Wasomali. Wakati huo Kisomali hakikuwa na maandishi yanayotambulika kote. Mashekhe waliandikiana kwa herufi za Kiarabu, lakini Kiarabu kina vokali chache na Kisomali kina nyingi, hivyo msomaji alilazimika kukisia. Kwingine Osman Yusuf Kenadid baadaye alibuni alfabeti mpya kabisa. Serikali nayo ilifanya kazi zake kwa Kiingereza au Kiitaliano. Mtu mwenye ng'ombe mia na mashairi elfu kichwani aliingia ofisini akahesabiwa kuwa hajui kitu.

Galaal hakukubali hesabu hiyo. Alikuwa mwalimu, lakini darasa lake kubwa lilikuwa kule malishoni. Aliketi na wachungaji na wazee, akasikiliza, akaandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alianza kufanya kazi na B. W. Andrzejewski, mtaalamu wa lugha kutoka Poland aliyefundisha Chuo Kikuu cha London. Galaal naye akaenda London, wakashirikiana kuchunguza sauti za Kisomali moja baada ya nyingine. Mwaka 1956 kikatoka kitabu chake, Hikmad Soomaali, cha hadithi na hekima za watu wake.

Kilichomvutia zaidi ni ufundi wa kusema. Wewe unajua kwamba kwa Wasomali shairi si la kujiburudisha tu. Linaweza kuchochea vita na linaweza kuvizima. Katika utungo, neno lenye sauti uliyoanza nayo lazima lirudi katika kila mstari hadi mwisho. Ukishindwa, wasikilizaji watakucheka. Mwaka 1963 Galaal na Andrzejewski walichapisha utafiti kuhusu malumbano ya washairi, na wasomi wa ng'ambo wakaona kuwa huku kuna fasihi yenye kanuni kali.

Pia alikusanya elimu ya nyota na hali ya hewa. Mwaka 1968 alichapisha kazi inayoeleza jinsi wafugaji wanavyosoma anga kujua kama mvua za gu' zitakuja vizuri au jilaal itakuwa kali. Kwa mtu wa Garissa, ambaye ukame umewahi kumwacha na zizi tupu, haya si mambo ya makumbusho.

Sasa rudi kwenye herufi. Katika miaka ya 1950 Galaal mwenyewe alibuni namna ya kuandika Kisomali kwa herufi za Kiarabu, akiongeza alama mpya za vokali. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, akapewa uongozi wa kamati ya lugha. Mezani kulikuwa na maandishi 18 ya kuchagua. Angeweza kung'ang'ania yake. Badala yake, kamati iliona kwamba herufi za Kilatini ndizo zinazofaa zaidi.

Moto ukawaka. Wengi waliona Kilatini ni kuikana dini, na mabarabarani watu wakacheza na neno lenyewe mpaka likasikika kama kutokuwa na dini. Serikali ikaogopa, suala likalala miaka kumi hivi. Ni Oktoba 21, 1972 ndipo Kilatini kilipotangazwa rasmi, kwa alfabeti ya Shire Jama Ahmed. Galaal aliishi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1980.

Upande wetu wa mpaka mambo yalikuwa mengine. Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu mwisho wa 1963, na Msomali wa Kenya alitazamwa kwa jicho la shaka. Lakini herufi hazina kipande. Zilivuka taratibu, leo zimo kwenye simu yako.

Hadithi haiishii kwa kupiga makofi, lakini. Kisomali kilichokubaliwa kuandikwa kilifuata zaidi usemi wa kaskazini na kati. Wasemaji wa Maay wakabaki pembeni, wakisoma lugha ambayo si ile ya mama zao. Lugha iliyotoka pembeni nayo ikawaacha wengine pembeni.

Hapo ndipo kuna kazi yako. Kando ya Tana, karibu kabisa na mji wa Garissa, kuna Wamunyoyaya. Ukielekea msitu wa Boni, kuna Waaweer. Katiba ya 2010 inaiagiza serikali ikuze lugha za wenyeji, lakini katiba haitaketi na bibi jioni kumsikiliza. Galaal aliketi. Nawe una simu yenye kinasa sauti mfukoni. Anza na mzee wa nyumbani kwenu. Kisha vuka barabara, umsikilize na yule wa jirani ambaye lugha yake huijui.