Kasi Iwafikie Wananchi

Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, aliyeimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mkimbiaji wa namna nyingine, kwani mbio zake zinagusa usalama wa Mbulu na Hanang, na hata wetu sisi wa visiwani.

Seymour Cray alizaliwa mwaka 1925 huko Chippewa Falls, mji mdogo wa Marekani. Alisomea uhandisi wa umeme, na mwaka 1964 kampuni ya Control Data ilitoa kompyuta aliyoibuni, CDC 6600, iliyozipita kwa kasi nyingine zote duniani, zikiwamo za IBM. Kikundi chake kilikuwa na watu 34 tu, mfagizi akiwamo.

Mwaka 1972 alianzisha kampuni yake mwenyewe, na mwaka 1976 ikatoka Cray-1, iliyoundwa kwa umbo la duara lenye upenyo ili nyaya ziwe fupi na umeme usipoteze muda njiani. Baadaye alishindana hata na mwenzake wa kampuni hiyo hiyo, Steve Chen, na kampuni ikanufaika na kazi za wote wawili. Alifariki mwaka 1996 kwa ajali ya gari.

Kasi hiyo haikuwa ya fahari tu. Mwaka 1978 kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilipata Cray-1, maana hesabu za mvua ya kesho zikikamilika kesho kutwa hazina faida.

Hata hivyo, Desemba 3, 2023, matope yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 huko Katesh na vijiji vya jirani. Dalili za mvua za El Niño zilikwisha kutangazwa miezi kadhaa kabla. Lakini kompyuta peke yake haimwambii mwananchi ni mteremko upi utakaoporomoka, wala haimzuii mvuvi kutweka tanga.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa wilaya na wa visiwani waongeze vipimo vya mvua, wateue watu wa kupeleka onyo kila kijiji na kila diko, na wazuie ujenzi katika njia za maji. Utabiri ni mbio za kupokezana vijiti: kompyuta ikikimbia upesi, na ofisi ikachelewa kukabidhi kijiti, anayeshindwa ni mwananchi.